Chupa ya Mwaka Ule

Kibii alikuwa muumini wa kanisa lisilotaka hata kusikia harufu ya pombe, na katika miaka yake thelathini na mitatu hakuwahi kumeza glasi nzima ya mvinyo. Hilo halikumzuia kuwa mjuzi wa mvinyo kuliko mtu yeyote Nakuru, na kama ulikuwa na shaka angekuambia mwenyewe. Kazini alionja kwa kuviringisha kinywaji mdomoni huku amefumba macho, kisha akatema kwenye ndoo. Mama yake aliposikia kwamba mwanawe analipwa mshahara kwa kazi ya kutema, alishangaa, halafu akamshukuru Mungu kwamba hata ndani ya duka la pombe kijana wake alikuwa amepata njia ya kutokunywa.

Duka lilikuwa la Amarjit Singh. Babu yake Amarjit aliwauzia wakulima misumari na mabati mahali hapohapo. Baba yake akaweka rafu moja ya wiski karibu na misumari. Amarjit alipopokea funguo aliondoa misumari, akabakisha chupa. Yeye ndiye aliyemfundisha Kibii kusoma lebo za Kifaransa, na Kibii akazisoma kwa bidii ya mtu anayejiandaa kwa ubatizo. Baada ya miaka tisa hakuwa akiuza mvinyo tena, alikuwa akiuhubiri.

Mahubiri yake yalikuwa na andiko moja tu: mwaka ndio kila kitu. Shamba lilelile, zabibu zilezile, mikono ileile, lakini mwaka ukiwa mzuri mvinyo huwa mzuri, na mwaka ukiwa mbaya hata Mfaransa mwenyewe hana la kufanya. Mteja akiuliza, "Boss, hii iko na sukari?" Kibii alimhurumia kimoyomoyo. Mteja akiona tarakimu za mwaka na kuuliza kama kitu hakijaexpire, Kibii alifurahi, maana hapo ndipo somo lilipoanza. Alimgeuzia chupa na kumwambia asome mwaka kwa sauti. Lazima mteja asome mwenyewe. Watu wazima, mawakili na madaktari wa meno, walisimama mbele ya kaunta wakisoma "elfu mbili na tisa" kama watoto wa nasari, na Kibii akaitikia, "Mwaka mzuri huo," au, "Hapo uwe mwangalifu."

Nayasema haya mapema ili usije ukadhani alichokuja kukifanya kijijini Ndabibi kilikuwa ajali. Alikuwa amekifanyia mazoezi miaka tisa.

Basi Kibii alimpenda Mugure, msimamizi wa chumba cha kupakia maua huko Kamere, kando ya Ziwa Naivasha. Walikutana kwenye maonyesho ya mvinyo katika hoteli moja, yeye akiwa ameleta mawaridi ya mezani na Kibii akiwa anatema mbele ya watu. Mugure alimwuliza kama ni mgonjwa. Kutoka hapo mambo yakaenda vizuri kwa miaka miwili, mpaka likabaki jambo moja tu, nalo ni baba yake Mugure, Mzee Karugu.

Karugu alikuwa mjane aliyelima vitunguu Ndabibi, upande wa magharibi wa ziwa. Lakini hakuwa mtu wa Ndabibi. Alikuwa ametoka juu, kule kwenye baridi ya upande wa Molo, karibu na msitu, na juu hukohuko ndiko alikozaliwa Kibii. Mugure alikuwa amemweleza mchumba wake habari hiyo kwa neno moja: "Tulihama." Naye Kibii hakuuliza zaidi. Sehemu hizi zetu zina adabu yake. Unaruhusiwa kumwuliza mtu alitoka wapi. Ukimwuliza alitoka lini, umemvua nguo. Kila mtu anajua kuna Desemba moja ambapo kura zilipigwa, na kabla watu hawajatakiana heri ya mwaka mpya, majirani walikuwa wamechomeana nyumba. Lakini mwaka huo hauna jina. Unaitwa "wakati ule." Unaitwa "ile shida." Nimemwona mwalimu wa historia akiruka tarakimu zake ubaoni kama mtu anayeruka dimbwi la maji njiani.

Karugu aliposikia jina la Kibii na mahali alikotoka, hakusema ndiyo wala la. Alimwambia binti yake waje watu wawili tu, bila kwaya na bila msafara, na walete pombe ya kuulizia. Kwa desturi ya watu wake, anayekuja kubisha hodi kwa ajili ya msichana huja na pombe. Baba akiionja, mazungumzo yamefunguliwa. Akiiacha mezani, wageni huaga na hawaulizi sababu. Siku hizi wengi hupeleka krate za soda, na wazee huionja hiyo soda kwa nyuso za msiba. Karugu aliikataa soda kabisa. Zamani kule juu yeye ndiye aliyekuwa mtengenezaji wa muratina, pombe ya asali, wa kijiji kizima, na hakuna posa iliyozungumzwa bila kibuyu chake.

"Anataka pombe ya ukweli," Mugure alisema. "Na akiiacha mezani, Kibii, mimi siwezi kumruka. Mama hayuko. Mzazi nimebaki na yeye tu."

Mtu mwingine angeogopa. Kibii alifurahi mpaka akakosa usingizi. Hatimaye alikuwa amepata mkwe anayejua kinywaji, mtu wa kuzungumza naye lugha moja.

Alimweleza Amarjit, na Amarjit akashuka ghalani mwenyewe. Alirudi amekumbatia chupa kubwa iliyojaa vumbi, ya ujazo wa chupa mbili za kawaida. Ulikuwa mvinyo mwekundu wa Bordeaux, kutoka shamba dogo liitwalo Château Merlebrun, ambalo hata Kibii hakuwa amelisikia. Chupa hiyo ilikuwa imekaa humo kwa miaka mingi. Watu wakiona mwaka wanairudisha kwenye rafu, Amarjit alisema, na Kibii akadhani ni ule ujinga wao wa kuexpire. Amarjit alieleza kwamba hata Wafaransa wenyewe waliudharau mwaka huo. Kiangazi kizima kilikuwa cha mvua na baridi, kuvu likaingia kwenye majani, na wakulima wengi wakaogopa wakavuna mapema. Lakini Septemba jua lilitoka, na wachache waliosubiri wakapata zabibu zilizoiva. Mwenye shamba hili alisubiri.

"Mwaka mbaya, mkono mzuri," Amarjit akasema. "Sasa ndio imeiva. Peleka. Ni zawadi yangu kwa harusi."

Wanaume wawili walisimama hapo wakiisifu chupa, vichwa vyao vimejaa hali ya hewa ya Ufaransa. Amarjit mwenyewe, mwaka ule ulipokuwa ukiisha, alilifunga duka hilo kwa minyororo akalala gurudwara, hekalu lao, na familia yake wiki mbili, akisikiliza mayowe ya mtaani. Hata hivyo hakukumbuka. Ujuzi nao ukizidi hupofusha.

Jumamosi walipanda Probox ya kukodi, Kibii na baba yake mdogo, Kiprugut. Baba yake Kibii alikuwa amefariki, kwa hiyo Kiprugut ndiye aliyekuwa msemaji. Alikuwa mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa, na kila mtu alimwita Mwalimu, hata mkewe. Alibeba kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu ya kugandishwa, ili upande wao nao uwe na kitu kinachoeleweka. Kibii alikuwa ameifunga chupa yake kwa taulo na kukataa kuifungua njiani, kwa sababu, alisema, mvinyo wa umri huo haupendi mwanga.

Njia nzima alirudia hotuba yake. Mwalimu alisikiliza kwa subira ya mtu aliyesahihisha insha miaka arobaini. Zabibu huchumwa kwa mkono na kutolewa vikonyo. Hupondwa, zikaachwa kwenye tangi na maganda yake mpaka sukari igeuke kuwa pombe. Hapo Mwalimu alisinzia. Kisha hukamuliwa, na mvinyo hulazwa mwaka mzima au zaidi ndani ya mapipa ya mwaloni, ambayo kabla ya kutumika huchomwa ndani kwa moto. Mwalimu alifungua macho.

"Wanachoma pipa ndani?"

Kibii alisema ndiyo, ili mbao zitoe ladha. Mwalimu alikitazama kibuyu chake, ambacho mkewe alikuwa amekisugua ndani kwa kijiti chenye makaa tangu jana. Akasema kumbe hawa watu si wajinga, wanajua kutengeneza kibuyu. Ilikuwa sifa pekee aliyowahi kuitoa kwa Ulaya.

Karugu aliwapokea vizuri. Alikuwa mzee mrefu, mkavu, aliyevaa koti zito ingawa Ndabibi kulikuwa na jua. Waliomba, wakanywa chai, wakaongea kuhusu bei mbaya ya vitunguu na ugonjwa wa ndizi. Mwalimu alitoa kibuyu cha mursik, na Karugu akakishika kwa mikono miwili, akakinusa, akatingisha kichwa kwa heshima. Kila kitu kilikuwa kinaenda kama maji kwenye mfereji. Kisha Kibii akasimama, akaifungua taulo, akaiweka chupa mezani.

Alisema kwamba kitu cha kwanza katika mvinyo ni mwaka, wala si rangi wala harufu, na akaigeuza lebo imwelekee mwenye nyumba.

"Tafadhali, mzee. Soma hapa kwa sauti."

Karugu alivaa miwani yake polepole. Aliinama.

"Elfu mbili," akasoma. Akaisogeza chupa karibu. "Na saba."

Mwalimu alifumba macho. Mugure alikuwa anatoka jikoni na trei ya glasi, akasimama palepale mlangoni. Nyumba nzima ikanyamaza, na kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini Kibii alikuwa amezoea kimya cha wateja. Alidhani mzee ameshangazwa na umri wa kile kitu.

"Najua, mzee," akasema kwa upole. "Watu husema huo ulikuwa mwaka mbaya. Lakini wanatia chumvi."

Ningeweza kumsimamisha hapa, lakini hakuna aliyemsimamisha siku ile, kwa hiyo acha aendelee. Alisema shida yenyewe ilikuwa ya muda mfupi tu. Alisema walioumia ni wale waliokuwa na haraka ya kuondoka shambani, na kwamba waliotulia mashambani mwao mpaka mwisho walipata faida. Alieleza kwamba juisi ya zabibu haina rangi, wekundu wote unatoka kwenye ngozi, ndiyo maana lazima zipondwe. Mwalimu alianza kukohoa. Kibii alimsogezea chai, akaendelea mbele kwenye sehemu aliyoipenda kuliko zote.

"Halafu kuna moto," akasema. "Wanachoma ndani, kiasi tu. Bila huo moto, mzee, hakuna utamu."

Karugu alivua miwani. Aliikunja, akaitia kwenye mfuko wa koti.

"Na wewe," akauliza, "mwaka huo ulikuwa wapi?"

Kibii alifungua mdomo kujibu kwamba mwaka huo alikuwa hajaingia kwenye biashara ya mvinyo. Hapo ndipo tarakimu zilipomfikia. Alikuwa amezitamka mara elfu kwenye kaunta, kati ya elfu mbili na tano ambao ni mzuri sana na elfu mbili na tisa ambao ni mzuri zaidi, na hazikuwahi kuwa na maana nyingine. Sasa alizisikia kwa sauti ya yule mzee. Aliwaza kila sentensi aliyoisema tangu asimame, moja baada ya nyingine, na hakukuwa na hata moja ya kuokoa.

Karugu hakungoja. Aliinuka, akatoka nje kwenye vitunguu vyake. Chupa ilibaki mezani, haijafunguliwa wala haijaonjwa.

"Tulihama tarehe thelathini na moja," Mugure alisema kutoka mlangoni. "Hukuwahi kuniuliza. Ilikuwa tarehe thelathini na moja, asubuhi, na mimi nilikuwa nimevaa sare ya shule kwa sababu ndiyo nguo iliyokuwa karibu." Aliiweka trei chini.

Mwalimu naye alisema neno lake, kwa lugha ya nyumbani ili asimwaibishe mbele ya msichana. Alisema katika miaka arobaini ya kufundisha amewaona watoto wengi wakipata sufuri, lakini hajawahi kumwona mmoja aliyejiandaa vizuri hivyo kuipata.

Kibii aliona aibu ambayo hakuwahi kuijua. Si aibu ya kukosea tu, bali ya kugundua kwamba alikuwa mpumbavu kwa muda mrefu na watu walikuwa wanamlipa. Aliichukua chupa, akatoka nayo mpaka kwenye mfereji wa maji nyuma ya nyumba, akafungua maji, akaanza kuikwangua lebo kwa kucha. Karatasi ya Kifaransa ni ngumu. Alikuwa amefika kwenye sifuri ya pili alipoona gambuti za Karugu kando yake.

"Unafanya nini?"

"Natoa mwaka, mzee."

"Ukishautoa, utakuwa umeenda wapi?"

Kibii alifunga mfereji. Karugu akamkumbusha kwamba alikuwa amemwuliza swali kule ndani na hajajibiwa.

"Nilikuwa nyumbani," Kibii akasema. "Shule zilikuwa zimefungwa. Nilikuwa na miaka kumi na tano. Niliona moshi ng'ambo ya mto, mama akatuambia ni watu wanachoma majani shambani. Nikakubali."

"Ulijua si majani."

"Nilijua."

Karugu alisema pengine moshi mmojawapo ulikuwa wake, nao ulikuwa mweusi kwa sababu ya mafuta ya taa yaliyokuwa stoo. Aliyasema bila hasira, kama mtu anayetambua ng'ombe wake kwa mbali. Kisha akasema warudi ndani, wageni hawaachwi peke yao, na kwamba chupa ikishafika kwa mtu hufunguliwa.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo Kibii aliposhika shingo yake mwenyewe mkononi. Aliizungusha skurubu ya kufungulia chupa, akavuta, na kizibo kikatoka nusu, kikiwa chepesi na kinamomonyoka. Nusu ya pili ilitoka vipandevipande. Kabla hajaiinua chupa, harufu ilikuwa imempata: gunia lililolowa na kuachwa kwenye kona ya stoo. Aliijua. Ni ugonjwa wa kizibo. Kizibo kibovu kimoja huingia kwenye mvinyo mzuri na kuuua kimyakimya, na kwa nje hakuna anayeweza kujua, mwaka hadi mwaka, mpaka chupa ifunguliwe.

Alimimina, kwa sababu mikono ilikuwa imezoea. Alimpa Karugu glasi ya kwanza, akamwekea Mwalimu moja ya heshima tu, akajiwekea yake. Karugu aliinua glasi yake. Akiionja, mazungumzo yamefunguliwa. Mzee hakuwa amewahi kunywa mvinyo wa Kifaransa; angekunja uso, angedhani ndivyo ulivyo, na angemeza. Na Kibii alikuwa na jibu tayari, jibu ambalo kwa miaka tisa amewapa wateja waliokunja uso: ulimi wako bado haujazoea. Kunyamaza tu kungetosha, na kunyamaza ndiko sisi sote wa sehemu hizi tunakokujua vizuri.

"Usinywe, mzee," Kibii akasema.

Glasi ilisimama karibu na mdomo.

"Imeharibika. Nilisifu kitu ambacho sikuwa nimekifungua."

"Ni huo mwaka?" Karugu akauliza.

"Hapana. Mwaka hauna kosa. Mimi huwaambia watu mwaka ndio kila kitu, lakini si kweli. Zabibu zilikuwa nzuri. Ni kizibo. Kizibo kilikuwa kibovu, na kiliwekwa na mtu."

Karugu aliishusha glasi mezani polepole sana, hata mvinyo haukutikisika.

"Sema tena."

"Imeharibika."

"Hiyo ya mwisho."

"Kiliwekwa na mtu."

Macho ya mzee yakajaa machozi bila yeye kuyajali. Alisema kwa miaka kumi na minane ameitwa kwenye mabaraza na semina za amani. Amepewa soda, mkate na fulana yenye picha ya njiwa. Kila mara mtu husimama akasema ulikuwa mwaka mbaya, kama vile ni mvua iliyonyesha. Hakuna mtu kutoka kule juu aliyewahi kumwambia kwamba kuna kitu kizuri kiliharibiwa, na kwamba kiliharibiwa na mkono.

Mwalimu alikohoa, safari hii kwa haja. Hakuwa amepanga kusema lolote zaidi ya salamu na sala. Alisema mwaka ule yeye alikuwa anafundisha Naivasha, umbali mfupi kutoka hapo walipokuwa wamekaa, na Januari iliyofuata alikimbia kwa miguu usiku mmoja na redio kwapani, na hakurudi kuchukua hata vyeti vyake. "Mimi pia waliniambia ni mwaka mbaya," akasema.

Karugu alimtazama kana kwamba ndiyo kwanza anaingia mlangoni. Alimwuliza ni mtaa gani. Mwalimu akautaja. Karugu akatikisa kichwa, akasema anaujua.

Lakini desturi ni desturi. Pombe ilikuwa imemiminwa na haikuonjwa. Kibii alichukua koti lake, akamwangalia Mugure mara moja, na kuona kwamba naye analia, akaona hana haki hata ya kumpa leso. Mwalimu alianza sala ya kufunga safari. Karugu alimkata sala katikati, jambo ambalo hakuna muumini aliyewahi kumfanyia, akaingia chumbani.

Alirudi na mfuko wa khaki. Ndani yake kulikuwa na vipande vya tunda la muratina, vikavu, vyepesi, vya rangi ya chai, vimejaa matundu kama dodoki la kuogea. Aliwaeleza kwamba pombe ya asali haijitengenezi yenyewe. Chachu yote imelala ndani ya hili tunda. Ukishamaliza kutumia, unaliosha, unalianika, na mwaka unaofuata linafanya kazi tena. Jioni iliyotangulia siku ile alikuwa ameyaanua haya, akasahau kuyatoa mfukoni mwa koti, na asubuhi alipokimbia alitoka na watoto, koti na haya. Hakutoka na kitu kingine. Kila mwaka tangu hapo ameyatumia, ameyaosha, ameyaanika.

"Pombe yenu haijafika," akasema. "Sijasema sitaki. Nimesema haijafika." Alimkabidhi Mwalimu mfuko, wala si Kibii. "Mtaitengeneza wenyewe. Asali mtapata, na maji mchukue ya ule mto. Iwekeni karibu na moto siku tatu, nne. Moto mdogo." Alimtazama Kibii hapo, na nadhani alikuwa karibu kucheka. "Huyu kijana anajua habari za moto."

Mwalimu aliuliza, kwa sauti ya mtu anayetafuta mlango wa kutokea, kama wanapaswa kuileta Ndabibi ikiwa tayari. Karugu alisema hapana, muratina haipendi kutikiswa njiani. Ingebidi yeye aende kuionja hukohuko juu. Hakuwa amevuka ule mto tangu siku ile ya koti, na wote waliokuwa chumbani walilijua hilo, hata Kibii.

Mugure aliwasindikiza mpaka kwenye gari. Alimwambia Kibii kwamba baba yake anaibakisha ile chupa, ataiweka kwenye kabati la vyombo na lebo ikitazama nje, jinsi ilivyo, na mkwaruzo wake. Kisha akamwuliza kama kuna chupa nyingine ya mwaka wowote aliyotaka kuileta. Kibii alisema hakuna. Mugure akasema vizuri, akamshika mkono, akaushika muda mrefu kuliko adabu ya Ndabibi inavyoruhusu.

Njiani Mwalimu aliuweka mfuko juu ya magoti na kuushika kwa mikono yote miwili. Gari lote lilikuwa linanukia asali ya zamani. Walikuwa wakipita Kamere.

"Mimi ni mzee wa kanisa," akasema hatimaye. "Miaka ishirini na sita. Sasa nitapika pombe jikoni kwangu. Mchungaji atanusa kutoka barabarani. Nitamwambia nini?"

Kibii alikuwa na maelezo. Alikuwa na maelezo mengi, kuhusu chachu, sukari na joto linalotakiwa. Alifungua mdomo, kisha, kwa mara ya kwanza katika miaka tisa, akaufunga.

Mwalimu alitazama nje, mashamba ya maua yakipita.

"Nitamwambia tunangoja mgeni," akasema. "Mtu wa kule kwetu."